Kuchunga mayi jikoni hapa Goma: mayi ishuke, isipande

Mashauri mingi ya kuchunga mayi inaandikwaka na watu wenye robine yao haikaukake. Funga robine ukipiga mswaki, wanasema. Robine gani, ndugu yangu? Hapa kwetu mayi inafika nyumbani ikiwa mu bidoni ya lita 20, imebebwa ku chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma) ao ku pikipiki ao ku mugongo ya mutoto, na mara mingi imelipiwa franga hata mbele haijavuka mulango.

Sababu tunaijua wote. Mji unakaa juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha mayi inazama palepale kati ya mawe, mto mu mji hatuna, kuchimba kisima mu lava ni kazi ya kuvunja mikono, basi mayi ya mabomba inatoka mu ziwa Kivu na inasukumwa na mashini za umeme. Umeme ikienda na mayi inaenda. 2002 lava ya mlima wa moto Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, Mei 2021 ikashuka tena na kuharibu mabomba, Januari 2025 vita ikakata umeme na watu wa karibu kila kartie (mtaa) wakarudi ziwani na bidoni. Muntu wa Goma hafundishwe bei ya mayi.

Kile naona jikoni mwingi ni ingine: mayi si kwamba inatumiwa mingi, inatumiwa mara moja tu. Lita 5 zinaosha nyanya 4 na zinamwagwa. Kiisha lita 5 zingine, safi vilevile, zinaenda kulowesha sufuria ya bugali. Mwongozo huu wote unasimama ku sheria moja: mayi inashuka kutoka kazi safi kwenda kazi chafu, ngazi kwa ngazi, na haipandake hata siku moja. Ile imeosha nyanya inaweza kuosha viazi, ile ya viazi inaweza kulowesha sufuria, ile ya sufuria inaenda chooni. Kurudi juu ni hapana, juu hapa kipindupindu hatuisomeake mu vitabu, tunaishi nayo.

1. Gawanya asubuhi, mbele hujagusa kitu

Mayi ikifika, usiache bidoni zote zikae pamoja pale kwenye pembe kila muntu achote fasi anataka. Tosha moja ao mbili, uziwekee alama, hata kamba nyekundu ku mukono inatosha: hizi ni za kunywa na kupika. Zingine ni za vyombo na mikono. Ya choo na ya kudeki usiinunulie bidoni yake kama unaweza, hiyo itajazwa na mayi yenye imeshuka.

Ukitaka hesabu, mashirika ya misaada yanahesabuka lita 15 kwa muntu mumoja kwa siku kama kiwango cha chini kabisa mu makambi, kunywa, kupika na kuoga vyote ndani. Nyumba ya watu 6 ni lita 90, maana yake bidoni 4 na nusu. Angalia yako ni ngapi. Kama uko chini ya pale, usianze kupunguza ya kunywa na ya mikono, anza na vyombo, juu vyombo njo vinakulaka mingi bila muntu kuona.

Bidoni ya kunywa inatakiwa iwe safi ndani, si nje tu. Ile kitu kijani chenye kuteleza inashikaka ku ukuta ndani haitoki na mayi peke yake hata ukisukutisha na lita 10. Tunafanyaka hivi: okota changarawe ndogo za lava, zile nyeusi zenye kukwaruza, ziko bure hata mbele ya mulango, uzioshe, utie mikono mbili ndani ya bidoni na kikombe kimoja cha mayi na kasabuni kidogo, funga, kiisha tikisa kwa nguvu pande zote, lalisha, simamisha, pindua, mpaka usikie mawe inapita vizuri haishikamane tena. Mwaga, sukutisha na kikombe kingine kimoja ao mbili. Vikombe vitatu vinamaliza kazi ya ndoo nzima. Watoto wanapenda hii kazi, inatoa kelele.

Kama mayi imetoka ziwani ao hujui imetoka wapi, tia dawa. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kimepimiwa lita 20 za mayi yenye kuonekana vizuri, yaani bidoni moja kidonge kimoja, unasubiri dakika 30 mbele ya kunywa. Vidonge viko vya vipimo mbalimbali, soma pakiti. Mayi ikiwa na vumbi ao majani, ichuje kwanza na kitambaa safi umekikunja mara nne, juu uchafu unakula dawa na hakuna yenye inabakia kuua vijidudu. Kiisha usichovye kikombe ndani: mimina. Mukono moja yenye haijanawa inaharibu bidoni nzima, na hakuna upotevu wa mayi mukubwa kushinda lita 20 zenye umelipia, umebeba, umetia dawa, na sasa huwezi kunywa.

2. Chakula: kazi ya kavu inatangulia

Hapa njo watu wanapoteza. Lengalenga (mchicha) inatoka sokoni Virunga ama Birere na udongo ku mizizi, unaichukua vile iko unaitumbukiza mu mayi, mayi inakuwa tope palepale, unabadilisha, unabadilisha tena. Kwanza kata mizizi, tosha majani yenye kuoza, kung'uta fungu nje ukilipiga ku mukono. Kiisha tia mu basani yenye mayi ya kuyafunika tu, tikisa taratibu, acha dakika chache mchanga ushuke chini, halafu nyanyua majani kwa mikono uyatoshe juu. Usimimine mayi juu ya majani mu kichujio, ukimimina unarudisha mchanga wote fasi ulikuwa. Mara mbili ya namna hii inatosha kwa lengalenga ya nyumba nzima.

Na pangilia: nyanya na pilipili hoho zinaosheka kwanza, kiisha karoti, kiisha viazi na maganda yake, basani ni moja na mayi ni moja. Viazi osha mbele ya kumenya, si nyuma, ukiosha nyuma utaosha mara mbili. Lakini kile unakula kibichi, kama nyanya ya kachumbari ao saladi, kiwe na mayi yake yenye dawa, kidogo, na hiyo ndiyo inaanza safari ya kushuka.

Sombe (majani ya muhogo): osha majani mbele ya kutwanga. Nimeona ba mama wanatwanga kwanza kiisha wanaosha, mayi inatoka kijani na nguvu ya chakula inaenda nayo. Mu sombe usijaribu kuchunga mayi kwa kufunika sufuria tangu mwanzo, majani ya muhogo yana sumu na ile sumu inatoka na mvuke, basi acha wazi ichemke vizuri kwanza, kiisha funika.

Sambaza (samaki ndogo za ziwa) kavu inakuwaka na mchanga wa fasi ilianikiwa. Ipepete ku lungo, itoshe vichwa kama unatoshaka, halafu mimina juu yake mayi moto ya kikombe kimoja mu bakuli, igeuze, nyanyua. Sambaza mbichi nayo ioshe kwa chumvi kidogo na mayi ya kuifunika tu. Ile mayi ya samaki usiiweke kulowesha kitu chochote, harufu itakufuata mpaka kesho. Iende chooni moja kwa moja.

3. Maharagi, na mambo ya kifuniko

Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari, mayi hapa inachemka karibu degre 95, haifike 100. Njo maana maharagi yetu yanakawia kushinda ya watu wa pwani, na kila saa inakawia mayi inaenda hewani na wewe unaongeza. Yaloweshe tangu jioni. Asubuhi yamevimba, yanaiva mapema sana, unachunga mayi na makala pamoja. Mayi ya kulowesha watu wengi wanaimwaga kwa sababu inasumbua tumbo, sawa, lakini usiimwage inje: haina sabuni wala mafuta, ni nzuri kwa ile miche ya vitunguu uko nayo mu kikopo.

Sasa kifuniko. Kupeleka lita moja ya mayi kutoka baridi mpaka ichemke ni kazi kidogo ya moto, lakini kuifanya ile lita yote igeuke mvuke inakula moto karibu mara 7 ya ile ya kwanza. Yaani ukiona mvuke unapanda jikoni kama moshi ya mlima, si mayi peke yake inaenda, gunia ya makala nayo inaenda. Funika. Maharagi yakishaanza kuchemka punguza makala ku mbabula (jiko la makala), yakitokota taratibu ama kwa fujo joto ni lilelile, hayaive haraka juu ya fujo.

Namna ba mama wa zamani wanafanyaka, na naona hakuna mashini inaishinda: hutumii kifuniko, unafunika sufuria ya maharagi na sufuria ingine ndogo yenye mayi ndani. Chini yake mvuke unagonga, unageuka matone, unarudi mu maharagi. Juu ile mayi inapata moto bure. Maharagi yakikauka unaongeza ile yenye iko moto tayari, hayashtuke wala hayaache kuchemka, na ikibaki unaipeleka ku vyombo. Angalia tu chini ya ile sufuria ndogo iwe safi haina masizi, masizi itaingia mu chakula.

Muchele: osha mara moja ao mbili, si mpaka mayi ionekane safi kabisa, haitakuwaka. Ile mayi ya kwanza ya maziwamaziwa ichunge mu basani, inaondoa mafuta ku sahani vizuri, utaitumia hatua ingine. Kiisha pika muchele na mayi ya kipimo yenye inakauka ndani, ile mambo ya kupika na mayi mingi halafu kumwaga sipendi, unamwaga mayi na moto na chakula.

Bugali: mara tu umeipakua, sufuria ikiwa bado moto, mimina kikombe kimoja ya mayi yoyote ya viazi ama ya muchele, funika, uende ukule. Ukirudi ukoko unanyanyuka kama karatasi. Ukiacha ikauke mpaka jioni utaikwangua na bidoni nusu na kisu na hasira.

4. Vyombo

Nyumba mingi vyombo vinakula bidoni nzima kwa siku. Inaweza kuwa nusu, hata chini ya nusu kama watu si wengi. Lakini inaomba utaratibu, na muntu mwenye anaosha njo anaamua, ukimpa mutoto kazi bila kumuonyesha atamwaga tu.

Kwanza kwangua. Chakula chote ku sahani kiende mu kikopo cha kuku ao cha mbuzi ya jirani. Mafuta ya kuganda mu sufuria ifute na karatasi ama na jivu kavu la mbabula. Jivu linakunywa mafuta, na likishikana nayo linakuwa nusu sabuni. Tupa lile jivu mu takataka. Sasa vyombo vyako vimeshakuwa safi nusu na bado hujagusa hata tone.

Kiisha panga basani mbili. Mu ya kwanza tia lita 2 ao 3 za mayi ya uvuguvugu, ile ya juu ya maharagi ni sawa kabisa, na sabuni. Mu ya pili lita 3 za mayi safi yenye dawa. Osha kwa mpangilio huu: gobele (bilauri) na vikombe, vijiko na uma, sahani, bakuli, mwisho sufuria. Ukianza na sufuria umeua mayi yote tangu mwanzo. Tumia eponji ama kipande ya wavu wa gunia la vitunguu, ule wavu unasugua kuliko eponji ya duka na hautunze chakula ndani yake.

Kusukutisha: usimimine juu ya kila sahani moja moja. Panga sahani zote za sabuni zimeegemea mu basani tupu, chukua gobele moja ya mayi safi, mimina polepole juu ya ile ya kwanza ili mayi iteremke ku zingine, ile inaondoa povu kubwa. Halafu kila moja inaingia mara moja mu basani ya pili na kutoka. Basani ya pili ikianza kuwa na povu, hiyo haina kazi ya kusukutisha tena: inashuka, inakuwa basani ya kwanza kwa sufuria, na unatia lita 2 zingine safi pale. Wanaobishana na mimi wanasema vyombo vinabaki na sabuni. Vinabaki na sabuni juu unatia sabuni mingi. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji mu lita 2 kinatosha, ukiona povu inapanda mpaka kiwiko umezidisha.

Kama unapikia ku kuni, paka nje ya sufuria sabuni ya kipande yenye imeloweshwa kidogo, ama tope ya jivu, mbele ya kuiweka ku moto. Masizi itashika ku sabuni na si ku chuma, ukiosha inatoka yote na mukono. Ku makala masizi si mingi, ruka hii.

Anika vyombo juani ku meza ao ku rafu ya mbao, usivipanguse na kitambaa chenye kinapangusa na mikono na meza. Kitambaa chafu kinakuomba uoshe tena.

5. Mikono

Hapa hatuchunge kwa kuacha, tunachunga kwa tone. Kunawa mu basani moja watu wote mbele ya kula ni kugawana vijidudu. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kifuniko chake matundu matatu na musumari umepata moto, jaza, ifunge kichwa chini ku musumari wa ukuta ama itundike na kamba, chini weka basani. Ukiibonyeza mayi inatoka nyembamba, muntu anajilowesha, anapaka sabuni, anasukutisha, chupa moja watu kadhaa wanapita. Ile yenye inaanguka mu basani inaenda chooni.

6. Mayi ya mvua

Mvua tunayo mingi na mabati tunayo, ingekuwa mji mwingine ningesema kunywa. Hapa ngoja kidogo. Mvua inashuka kupitia moshi ya Nyiragongo na Nyamulagira, inabeba asidi na floridi, angalia tu vile mabati inakula kutu haraka upande ule moshi inaendaka. Floridi ikizidi inachafua meno ya watoto kwa maisha yote, na kidonge cha klorini hakiiondoe, kuchemsha nako hakuiondoe, kunaizidisha juu mayi inapunguka na yenyewe inabakia.

Basi mvua ni ya vyombo, nguo, kudeki, choo. Acha dakika 10 ao 15 za kwanza zioshe mabati, vumbi na majivu vishuke, kiisha sogeza pipa. Pipa lifunikwe na chandarua ama kitambaa, mbu wasilale mule. Kwa kusukutisha vyombo mara ya mwisho, itie dawa kama mayi ingine.

7. Chini ya ngazi

Weka ndoo moja ya mayi ya mwisho, yenye kifuniko, karibu na choo. Kila basani ya vyombo na ya mikono inaishia pale. Siku ileile iishe, mayi ya jikoni ikilala inanuka, na vijidudu vinazaa. Ikizidi, nyunyiza uwanja mbele ya kufagia, vumbi la lava linaingia mpaka mu sufuria, utakuwa umechunga mayi ya kesho pia. Ku bustani, ya viazi na ya muchele mimina chini ku mizizi, si ku majani yenye utakula. Yenye javeli (dawa ya klorini ya kufulia) usipeleke ku mimea. Na javeli usiichanganye na siki wala na limau, inatoa hewa yenye kuchoma kifua.

Siku muntu anaharisha mu nyumba

Siku ile ngazi yote inasimama. Vyombo vya mugonjwa vinaoshwa peke yake, mayi yake inaenda chooni palepale, hakuna basani ya pili kuwa ya kwanza, na hakuna kuhesabu bidoni. Mikono kila mara na sabuni, ya mugonjwa na ya mwenye anamuangalia. Mpe mayi yenye chumvi na sukari: lita moja ya mayi safi yenye dawa ama imechemshwa ikapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, akunywe kidogo kidogo hata kama anatapika, na ile yenye imebaki kesho yake imwage utengeneze ingine. Kuharisha ikiwa ya mayi meupe kama ya muchele, usingoje asubuhi, mupeleke ku kituo cha afya na ile chupa ya mayi ya sukari mukononi, anaendelea kukunywa njiani.